Vitabu vya darasani vikisomwa mara ya pili: umeviona vipi ukubwani?

Mleta uzi (Sinza)

Habari za jioni, wasomaji wenzangu. Wiki iliyopita nilipita Mtaa wa Samora nikitoka kazini, na kwenye turubai la vitabu vya mitumba lililotandazwa chini ya kibaraza nikakiona Kusadikika cha Shaaban Robert, jalada lake limebanduka na kushonwa upya kwa uzi wa viatu. Muuzaji alitaka shilingi 5,000, tukapatana kwa 3,000. Nisiseme kwamba nilikinunua kwa mapenzi. Nilikinunua kwa sababu ya aibu: niliwahi kukifanyia mtihani nikafaulu, na pale nilipokishika niligundua kwamba majibu ya mtihani nayakumbuka yote lakini sikumbuki hata sentensi moja ya kitabu chenyewe.

Nakala hii iliwahi kuwa ya mwanafunzi nisiyemjua. Pembeni mwa karibu kila ukurasa ameandika kwa penseli: DHAMIRA, UJUMBE, TASHIBIHA, na mahali pamoja, kwa herufi kubwa zilizopigiwa mistari miwili, ITATOKA. Nilicheka peke yangu ndani ya basi la mwendokasi mpaka mama mmoja aliyesimama karibu nami akaona bora asogee. Baada ya Magomeni nikaamua kusoma bila kuifuata penseli, na nikapitiliza kituo changu cha Shekilango.

Darasani tulifundishwa kwamba kitabu hiki kilitoka mwaka 1951, Mwingereza akiwa bado ametukalia, kwa hiyo ni fumbo la kuupinga ukoloni. Andika hivyo, toa mifano mitatu, upate alama. Sikatai hata neno moja la hayo. Lakini hakuna aliyetuambia tuitazame ile kesi jinsi inavyokwenda. Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kuanzisha mafundisho ya sheria, na anajitetea siku baada ya siku kwa kusimulia habari za wajumbe sita ambao nchi hiyo ya Kusadikika iliwatuma pande zote, hata mbinguni na ardhini, kisha waliporudi na maarifa ikawatia gerezani. Maana yake ni kwamba wakubwa wale wale waliokataa kuwasikiliza wajumbe wanalazimika sasa kukaa kimya na kuzisikia habari zile zile kutoka kinywani mwa mshtakiwa, kwa sababu taratibu za baraza lao wenyewe zinawabana. Huo ni ujanja wa hali ya juu, na mimi nikiwa na miaka kumi na saba niliupita kama anayepita kaburini usiku, nikiitafuta tashibiha.

Hoja yangu basi ni kwamba mtihani ulitufundisha kukinyang'anya kitabu ujumbe wake kabla hatujaisikia sauti yake, kama mwenyeji anayemkata mgeni kauli mlangoni akimwambia kwamba anajua alichofuata. Naomba kila mmoja alete kitabu alichokisoma shuleni na akakirudia ukubwani, aseme alikiona vipi. Tafadhali msilete muhtasari. Mihutasari tunayo tele.

Nina na ombi la pembeni. Nakala yangu haina kurasa za mwisho, zimenyofoka, na hukumu yenyewe haimo. Kwa notisi za shule najua kwamba Karama anashinda. Nataka kuisoma hukumu.

Karani wa sensa (Gongo la Mboto)

Ahsante kwa uzi, mkuu. Mimi naleta Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe, tamthilia ya Edwin Semzaba. Shuleni jibu lilikuwa limeshaandikwa kwenye jalada, kwamba usichanganye kazi na mapenzi. Tulimcheka Ngoswe anayetumwa kijijini kuhesabu watu akaishia kutoroka na Mazoea, na baba wa binti, Mzee Mitomingi, akazitia moto karatasi za sensa.

Agosti 2022 nikapata kazi ya ukarani wa sensa. Tulipewa vishikwambi, na taarifa ulizokusanya huwa umeshazituma, kwa hiyo hata ukimkuta Mitomingi wa kisasa hana cha kuchoma. Lakini usiku wa kuamkia tarehe 23 nilikisoma tena kile kitabu, nikifikiri nitajichekesha, nikakosa usingizi. Nilipokuwa mwanafunzi nilimtazama Ngoswe kama mtu wa kwetu na wanakijiji kama washamba. Safari hii nilijiona mimi ndiye ninayebisha hodi kwenye nyumba ya mtu nisiyemjua, nikiambatana na mjumbe, na kumuuliza mzee wa rika la baba yangu usiku ule nani alilala wapi. Kuna bibi mmoja alinijibu maswali yote kwa upole, na nilipofika kwenye watoto waliofariki aliweka chini ungo wa mchele aliokuwa akiuchambua, akanyamaza, kisha akaniuliza kama Serikali inawahitaji na hao. Sikuwa na jibu kwenye dodoso.

Mwishoni tuliambiwa tuko 61,741,120. Kila ninapoiona ile ishirini ya mwisho namkumbuka yule bibi na ungo wake. Sasa nikiulizwa tamthilia ile inahusu nini, nitasema inahusu imani: mtu amekufungulia mlango na kukukaribisha, nawe ukaondoka na binti yake. Mapenzi ni namna tu ya kuivunja hiyo imani.

Mwalimu mstaafu (Temeke)

Nimesoma kwa makini, na kwa heshima zote naomba kutofautiana na mleta uzi. Nimefundisha Kiswahili kwa zaidi ya miaka thelathini. Ni rahisi kuulaumu mtihani ukiwa umeketi ndani ya mwendokasi na kitabu mkononi. Lakini ni nani aliyekuwezesha kulitambua lile jalada pale Samora? Kama Kusadikika kisingekuwa kwenye orodha ya vitabu vya mtihani ungekipita kama ulivyovipita vingine vyote vilivyolala kwenye turubai hilo. Darasa lenye wanafunzi themanini na nakala sita halina nafasi ya kuisikia sauti ya kitabu. Lina nafasi ya kuandika fani na maudhui ubaoni, na kuomba Mungu kwamba mmoja kati ya themanini atakirudia siku moja. Naona amekirudia.

Hata hivyo nitakuunga mkono kwa upande mmoja, na huo ni upande wa tamthilia. Mwaka mmoja nilikataa kuwasomesha wanafunzi Kinjeketile ya Ebrahim Hussein kwa kuwaandikia ubaoni, nikawaambia tutaiigiza. Tulikuwa na kaniki nne, ndoo ya maji, na bunduki za mabua. Kijana aliyepewa nafasi ya Kinjeketile alikuwa mkimya, wa kukaa nyuma. Mnakumbuka kwamba katika mchezo ule Kinjeketile anashtuka anapoyaelewa maneno aliyoyatamka akiwa amepagawa, kwamba watu wake wakishamwondoa Mjerumani watakuwa watoto wa Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar. Yaani amewaahidi uhuru na utumwa kwa pumzi moja. Kwenye notisi jambo hili huandikwa mstari mmoja chini ya kichwa cha migogoro. Kijana yule alipofika hapo alisahau maneno yake, au sijui alijisahau yeye mwenyewe, akabaki ameishika ile ndoo anawatazama wenzake. Darasa zima likanyamaza naye. Nimeshafundisha Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 mara nyingi, na sijawahi kuvifundisha vizuri kuliko dakika ile ambayo sikusema kitu.

Msinielewe vibaya: mwandishi mwenyewe alitutahadharisha kwamba Kinjeketile wa jukwaani ni wa kubuni, si yule wa kwenye historia. Tatizo ni kwamba mtihani haukuuliza ukimya wa yule kijana. Hapo ninakubali.

Mama wa watatu (Tabata)

Shikamoo, mwalimu. Mimi kitabu changu ni Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, nami nitaomba radhi kwa urefu.

Nilikisoma mara ya kwanza kwa kificho. Dada mmoja bwenini alikuwa nacho kimefunikwa kwa gazeti, na tulipeana zamu kwa tochi. Tulikuwa tumesikia kwamba kilipotoka mwaka 1971 kilizua zogo na kikakatazwa shuleni, na kwa hiyo tulikitafuta kwa sababu moja tu, ambayo sina haja ya kuieleza. Kurasa zile zilikuwa zimechakaa kuliko nyingine. Ukikiachia kitabu kilifunguka chenyewe mahali pale. Hatukumsoma Rosa hata kidogo. Tulisoma kurasa tano, tukakirudisha.

Baadaye nikakikuta kidato cha tano, sasa kwa heshima zake, na somo likawa malezi na mmomonyoko wa maadili. Tukaandika kwamba Rosa ni kielelezo cha msichana aliyepotoka. Nilipata alama nzuri.

Mwaka jana binti yangu mkubwa alifikisha miaka kumi na sita. Siku moja niliiona barua kwenye begi lake, ndiyo, barua ya karatasi, kumbe bado wanaandikiana, na nikiwa nimesimama na ile barua mkononi nikakumbuka kitabu kinavyoanza: Zakaria anaikuta barua ya Charles kwa mwanawe na anampiga. Sikuifungua barua ya mwanangu. Niliirudisha, nikaenda kukitafuta kitabu, nikakisoma usiku mzima jikoni kwa sababu sebuleni baba yao alikuwa anatazama mpira.

Wapendwa, yule si msichana aliyepotoka. Ukisoma polepole utaona kwamba baada ya kile kipigo Rosa hajui tena namna ya kusimama mbele ya mwanamume: ama anamkimbia, ama anajitupa. Hapewi nafasi ya katikati, ile ya kuzungumza tu na mvulana kama mtu na mtu. Na Zakaria mwenyewe, mlevi yule, mwandishi hamfanyi shetani. Ana vichekesho vyake, kijiji kinamjua, ni baba kama akina baba ninaowajua mimi hapa Tabata, anayedhani ukali wa siku moja unafidia miaka yote aliyokuwa kilabuni. Jambo lililoniuma zaidi ni Regina, mama mtu. Nikiwa na miaka kumi na nane sikumwona kabisa. Nilimwandika kwenye mtihani kama mhusika msaidizi, mama mvumilivu, nusu mstari. Safari hii nilimsoma yeye tu, nikihesabu ni mara ngapi ameona na akanyamaza, na nikahesabu zangu.

Lawama ninayo pia kwa mwandishi. Sehemu za mwisho zinakwenda mbio mno. Misiba inapangwa mmoja juu ya mwingine mpaka unahisi anataka kukushinda nguvu. Na mzigo wa adhabu unawaangukia wanawake zaidi. Nilimwambia mume wangu hivyo asubuhi yake; akaniuliza kwani kitabu kinahusu nini, nikamwambia akisome. Kipo juu ya friji hadi leo.

Msomaji wa usiku (Ilala)

Nimefurahi sana na dada wa Tabata, lakini niseme jambo ambalo naona mnalizunguka. Vitabu ambavyo havikuwahi kuwa vya mtihani ndivyo tunavyovikumbuka. Nani hapa alitahiniwa juu ya Willy Gamba, yule jasusi wa riwaya za Elvis Musiba? Mimi nilivisoma vya Musiba chini ya dawati, kuanzia Kufa na Kupona, na hata leo naweza kukueleza mtu alivyovaa na alichokunywa. Kwa Bwana Msa, mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla, ni vilevile, na kiko chake na namna anavyomwacha mtu aongee mpaka ajifunge mwenyewe.

Nimevirudia vyote. Musiba nimeona kasi yake bado ipo, na ile Dar es Salaam ya wapigania uhuru na majasusi inanipa fahari, lakini wanawake wake wote ni warembo kwa namna moja na nilichoka. Mzimu wa Watu wa Kale, kilichotoka 1960, kimenishangaza kwa Kiswahili chake. Kuna maongezi mle ya watu waliokaa tu wakijibizana, na kila jibu lina mwiba. Siku hizi tunaandika maongezi kama watu wanaosomeana taarifa ya habari.

Mwanafunzi wa kidato cha sita (Mbezi)

Shikamooni wote. Nawasoma kimya siku zote, leo naomba niseme. Sisi hatuna muda wa kusoma kitabu mara ya kwanza, achilia mbali ya pili. Tunanunua vitini vya uhakiki, vitabu vinne ndani ya kurasa arobaini, na vinatosha. Nilijaribu kusoma Nagona ya Kezilahabi kwa sababu niliona ni nyembamba, nikadhani nitaimaliza Jumamosi moja. Nimeianza mara tatu. Sielewi nani anasema na yuko wapi, mji hauna watu, njia haziendi popote. Je, nikikua nitaielewa, au ndivyo ilivyo?

Mwalimu mstaafu (Temeke)

Marahaba, mwanangu. Ndivyo ilivyo, na nimeisoma mara nne. Aliyeandika Rosa Mistika alijua kusimulia hadithi iliyonyooka; kwenye Nagona aliamua kutofanya hivyo. Usiitafutie njia. Isome kama unavyosoma shairi, sura moja kisha funga. Na kitini chochote kitakachokuambia dhamira zake tano usikiamini.

Mfasiri wa mkataba (Mikocheni)

Kazi yangu ni kufasiri nyaraka za ofisi, kwa hiyo mtaniwia radhi nikitazama vitabu kwa jicho hilo. Shuleni hatukuelezwa kamwe kwamba kitabu kilichofasiriwa kina waandishi wawili. Mabepari wa Venisi niliusoma kama tamthilia ya Shakespeare iliyopatikana kwa bahati nzuri katika Kiswahili. Nilipourudia ndipo nikamwona Mwalimu Nyerere akifanya kazi. Jina la Kiingereza linamtaja mfanyabiashara mmoja tu, Antonio, na ni jina lisilo na ubaya. Yeye aliandika mabepari, wingi, mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, wakati neno hilo lilikuwa tusi. Kwa neno moja la kichwani amewaweka Antonio na Shylock mkopeshaji kwenye benchi moja. Unaweza kukubali au kukataa, mimi nadhani amemwonea Antonio kidogo, lakini huwezi kusema kwamba ni tafsiri tu.

Kinyume chake ni Shujaa Okonkwo, tafsiri ya mwaka 1973 ya riwaya ya kwanza ya Chinua Achebe. Kiingereza kinazungumzia mambo yanayosambaratika, Kiswahili kinamtaja mtu na kumpa cheo. Darasani kwetu tulimjadili Okonkwo kama shujaa kipindi kizima, na nashuku jalada ndilo lililotupotosha.

Si kitabu cha shule, lakini kiruhusuni: Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah aliyoiandika kwa Kiingereza mwaka 1994, na Ida Hadjivayanis akaileta kwa Kiswahili mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupata Nobeli. Niliisoma kwanza kwa Kiingereza. Mle kuna kijana Khalil anayemtania Yusuf, mtoto aliyewekwa rehani kwa deni la babake, kwa kumwita kifa urongo, na neno hilo limeachwa vile vile katikati ya Kiingereza. Msomaji wa ng'ambo anasoma tusi geni. Mimi niliuona ule mmea wa uani kwa bibi yangu, ukiugusa majani yanajikunja kama yamekufa, ukiondoka yanafunguka. Yusuf ndivyo alivyo kitabu kizima. Nilipokisoma kwa Kiswahili sikuhisi kimefasiriwa, nilihisi kimerudishwa, ingawa kuna sentensi mbili tatu ambazo kwa maoni yangu zimebaki na viatu miguuni.

Msomaji wa Kigamboni

Nami niongeze kimoja tu: Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla. Tuliambiwa mashairi yale aliyaandika gerezani Kenya, kati ya 1969 na 1972, juu ya karatasi za chooni, na habari hiyo ilitukamata kiasi kwamba mashairi yenyewe hatukuyatazama. Isitoshe yameandikwa kwa Kimvita, lahaja ya Mombasa, nasi watoto wa Dar tuliona kama adhabu ya pili. Nimeyarudia mwaka huu nikiyasoma kwa sauti ndani ya pantoni, kimoyomoyo mwanzoni, kisha kwa mnong'ono. Yakipita mdomoni ugumu wote unaondoka. Mzee mmoja mwenye kapu la samaki aliniomba nirudie ubeti, nikarudia, akaitikia kituo, ule mstari wa mwisho wa ubeti, pamoja nami.

Mleta uzi, nimeipekua rafu yangu. Ninacho Kusadikika, na kurasa za mwisho zote zipo, zimeliwa na mende pembeni lakini maandishi yanasomeka. Kitabu sikiazimi, msamehe mtu aliyeumwa na nyoka. Kesho naweza kuzitoa kivuli pale karibu na Posta na kukukabidhi.

Mleta uzi (Sinza)

Nimekubali, na gharama ya kivuli ni yangu. Mwalimu, hoja yako ya nakala sita kwa wanafunzi themanini imeniingia, sina la kuijibu. Dada wa Tabata, tupe habari siku kile kitabu kikishuka kutoka juu ya friji.

Ndugu wa Kigamboni, saa kumi na moja jioni nitakuwa kituo cha Kivukoni, upande wa kushukia. Utanitambua kwa kitabu kilichoshonwa kwa uzi wa viatu.

Msomaji wa Kigamboni

Sawa. Nimezipiga kivuli mchana huu. Ukurasa wa hukumu nami kumbe niliuandikia pembeni nilipokuwa mwanafunzi, na umetoka na maandishi yake. Usiyasome.